Sheria Iko Bure kwa Intaneti: Kazi Iko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya nafasi za kazi na utafiti katika sheria zinazotolewa bure kwa intaneti. Najua wengine wenu mmekuja mkidhani nitagawa fomu. Sina fomu. Lakini kazi ziko. Iko moja pia ambayo hakuna aliyeitangaza, na kwa maoni yangu ndiyo ingetufaa sisi wa kijijini kuliko zote. Hiyo nitaifikia mwisho.

Kwanza tuseme habari ya Ijumaa. Kila Ijumaa Serikali hutoa Gazeti Rasmi la Kenya. Si la siasa wala la mpira. Humo ndimo hutangazwa kwamba fulani alifariki, na fulani anaomba korti impe mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Mwenye pingamizi ana siku 30. Humo pia hutangazwa kwamba hati ya shamba namba fulani imepotea, na siku 60 zikiisha bila pingamizi, msajili wa ardhi atatoa hati mpya. Sasa niambieni, kama hati haikupotea, iko ndani ya sanduku la mama mjane, na kuna mtu amekwenda kuapa uongo, nani hapa atajua? Siku zinahesabika na mama anapalilia mahindi. Atakuja kushtuka akiona wageni wanapima shamba lake.

Zamani tungesema hatuna njia, gazeti liko Nairobi. Leo hatuwezi kusema hivyo. Gazeti Rasmi liko katika tovuti ya Kenya Law, bila malipo, na matoleo ya zamani yanarudi nyuma hadi 1899. Ziko sheria zote za Bunge na hukumu nyingi sana za korti. Simu yenye bando kidogo inatosha.

Kenya Law ni jina la kawaida la Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lililo chini ya Mahakama. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kabla yake hali ilikuwa mbaya. Vitabu vya kesi za Afrika Mashariki vilikoma na kesi za 1975, na baadaye vilipatikana vichache tu vya Kenya. Kwa hiyo jaji wa mji mmoja angeweza kuamua jambo bila kujua mwenzake aliamua nini juu ya jambo hilo hilo. Wakili mwenye rafu ya vitabu alikuwa na nguvu, na mwananchi alikuwa na masikio tu. Mwendo huu wa kuitoa sheria bure haukuanzia kwetu: Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza 1992, Australia ikafuata 1995, na siku hizi kuna AfricanLII, iliyo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, inayosaidia nchi za Afrika. Hiyo ni historia, tuiache.

Kazi zenyewe ni zipi? Hukumu ikitoka kwa jaji haiwi tayari kwa msomaji. Lazima mtu aisome, aangalie kama kuna mtoto ambaye jina lake halifai kuonekana na aweke herufi mahali pake, kisha aipe namba. Mkiona KEHC, hiyo ni Kenya, Mahakama Kuu. KEELC ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Baadaye ripota wa sheria huandika muhtasari: swali lilikuwa nini, jaji aliamua nini, kwa sababu gani. Huyu sharti awe amesomea sheria chuo kikuu.

Kuna wale wa kuunganisha sheria. Bunge likibadilisha sheria haliiandiki upya yote. Linasema tu, katika kifungu fulani ondoa neno hili, weka lile. Mtu lazima akae aingize mabadiliko hayo moja moja, la sivyo wananchi watasoma sheria iliyokwisha kufa. Kuna wahariri wa lugha, mafundi wa kompyuta, na wa kupiga picha kurasa za magazeti ya zamani. Kwa hiyo si wanasheria tu. Kijana aliyesomea maktaba, kumbukumbu au programu za kompyuta ana mahali pake.

Lakini nisiwadanganye. Nafasi hizi ni chache na nyingi ziko Nairobi. Mzazi asiuze ng'ombe kwa sababu ya hotuba yangu. Na mtu akikuambia tuma pesa kwa simu ili mtoto wako aajiriwe, huyo ni tapeli. Ofisi ya umma hutangaza kazi wazi, na haidai ada ya kuomba kazi.

Upande wa utafiti, mlango ni mpana zaidi. Mwanafunzi wa chuo aliye nyumbani wakati wa likizo anaweza kusoma hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi za kaunti yake, ahesabu watu wanapoteza mashamba kwa njia gani. Mfano mmoja: ukinunua shamba la kilimo katika sehemu zilizo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, lazima muombe idhini ya bodi ya ardhi katika miezi 6 tangu mlipopatana. Muda ukipita na korti isiuongeze, mapatano yanaweza kuhesabiwa kuwa bure, hata kama pesa zililipwa na wazee wakala mbuzi. Mnaona? Mtafiti akituletea karatasi mbili za mambo kama hayo, kwa Kiswahili, atakuwa ametusaidia kuliko semina ya siku tatu yenye chai na mandazi.

Akina mama wasome kesi ya urithi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2005. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti sehemu ndogo kuliko ndugu zao wa kiume, na sababu mojawapo ni kwamba huenda wakaolewa. Mahakama ya Rufaa ikakataa, ikaagiza watoto wagawiwe sawa. Hukumu hiyo iko pale wazi. Bado kuna familia ambako binti anaambiwa hana haki hata ya kuuliza.

Kiswahili nacho ni kazi. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sheria na hukumu karibu zote ziko kwa Kiingereza. Tunahitaji wafasiri waangalifu, kwa maana neno moja likikosewa mtu anapoteza shamba.

Vijana watasema, si tutauliza tu ile programu ya kompyuta inayojibu kila kitu? Ulizeni, lakini hakikisheni. Mwaka 2023 kule New York mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka kortini kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Hukumu usiyoiona kwa macho yako, yenye namba yake, usiitegemee.

Sasa ile kazi ambayo haijatangazwa. Mimi naiita msomaji wa Gazeti. Vikundi sita vikichanga shilingi 50 kila kimoja kwa wiki, ni 300. Itamtosha kijana mmoja aliyemaliza shule kununua bando na kupata kitu kidogo cha jasho lake. Kila Jumamosi asome matangazo ya ardhi na ya mirathi, alinganishe na daftari lenye namba za mashamba ya wanachama. Akiona namba ya mtu wetu, amwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, si kwenye mkutano wa mwezi ujao. Mwenye shamba achukue hati yake, aende kwa msajili wa ardhi, aweke pingamizi kwa maandishi na abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kwa mirathi, pingamizi huenda katika korti iliyotajwa kwenye tangazo.

Kijana huyo si wakili, asiandikie watu karatasi za korti. Akitaka kuendelea, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, lakini kwanza wasome na waidhinishwe.

Jambo la kupatana leo ni daftari. Namba za mashamba ya watu si kitu cha kuacha ovyo, kwa hiyo lisikae na msomaji peke yake. Napendekeza likae na mweka hazina, kwenye sanduku la kufuli, na litolewe Jumamosi wakiwapo watu wawili. Mwenyekiti, nakuachia uwaulize wanachama kama wanakubali.