Mtoto wa Mama Mwingine

Masomo: Kutoka 23:1-8, Luka 18:1-8





Neno la leo nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kulileta kwenu. Ni neno lililonihukumu mimi kwanza. Ndiyo maana ninaomba mnivumilie hadi mwisho.

Sisi sote tunajua hali ya mji wetu. Usiku watu hawalali vizuri. Mmoja anaamka asubuhi na simu haipo. Mwingine mbuzi wake amekatwa kamba. Mvuvi anakwenda ufukweni na kukuta nyavu alizoanika zimechukuliwa. Halafu kukipambazuka tunakaa vikundi vikundi tukisema, "Katika mji huu hakuna haki. Mwizi mdogo anaozea kasho, mwizi mkubwa anatoka kwa mlango wa nyuma." Tunasema kweli. Lakini katika Kutoka 23 Mungu hakuanza na waamuzi. Alianza na watu wa kawaida, watu kama mimi na wewe. Tutazame mambo matatu.

La kwanza: umati

Katika mstari wa pili Mungu anamkataza mtu kufuata wengi pale wengi wanapokwenda kufanya uovu. Sijui kama kuna mstari unaotufaa zaidi ya huo. Mtu akipiga kelele "mwizi!", tunakimbia. Wa kwanza ana fimbo, wa pili ana jiwe, wa tatu anatafuta tairi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeibiwa, wala kilichoibwa ni nini.

Na anayepigwa ni nani? Karibu kila mara ni kijana wa ndara zilizokatika, asiye na mtu wa kusimama na kusema, "Huyu namjua, ni mtoto wa fulani." Anayeiba kwa kalamu ofisini hatumpigii kelele. Huyo tunampa kiti cha mbele, hata kanisani. Sadaka yake tunaitangaza kwa maikrofoni.

Sikilizeni, wandugu. Kijana akiuawa na umati, aliyeibiwa hapati mali yake. Maiti haiwezi kusema ni nani aliyenunua vitu, wala ni nani aliyemtuma. Mstari wa saba unatuonya tusimwue asiye na hatia, na Mungu anasema hatamwacha mwenye kosa hilo. Mkono uliotupa jiwe Jumamosi hauwezi kuinuliwa Jumapili katika sifa bila kwanza kutubu.

La pili: matabishi

Mstari wa nane unasema jambo la ajabu: rushwa humpofusha mtu mwenye macho mazuri. Sisi tukisoma hapo tunamfikiria polisi. Leo naomba nijiseme mimi.

Miaka michache iliyopita paneli ya sola iliibwa usiku juu ya paa la mtu anayechaji simu za watu. Paneli ile ndiyo iliyokuwa inalisha watoto wake. Kesho yake vijana wawili walikamatwa pamoja. Mmoja alikuwa mtoto wa kaka yangu, na kwa desturi yetu huyo ni mtoto wangu. Wa pili alikuwa mtoto wa mama mjane anayeuza ndagala sokoni, mama wa kanisa letu.

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi. Mchana nilikuwa nimeshavaa koti na tai, Biblia mkononi. Nilijua kwamba koti lile na Biblia ile vitanifungulia mlango, na nilivibeba kwa sababu hiyo. Niliingia, nikasalimiana na mtu ninayemfahamu, tukaulizana habari za nyumbani. Tukaelewana. Nikatoa fedha. Sikupewa karatasi ya malipo, wala sikuiomba. Kabla ya jua kuzama mtoto wangu alikuwa nyumbani anakula ugali.

Wale vijana wawili walikuwa katika kasho moja. Tulipokuwa tunatoka, yule mwingine aliniita: "Pasta!" Nilimsikia. Niligeuka, nikampungia mkono, nikamwambia, "Mungu atatenda."

Jumapili iliyofuata mama yake alikuja kanisani. Alikaa pale anapokaa siku zote. Alitoa sadaka yake. Alingoja hadi watu wote wakatoka, akanikaribia, akasema kwa sauti ndogo: "Pasta, nimesikia kwamba ulifika kule. Mtoto wangu ulimwona? Alikuwa amekula?"

Hakunitukana. Hakusema neno lingine. Wapendwa, nilisoma chuo cha Biblia, nikafundishwa namna ya kuhubiri mfano wa mjane na mwamuzi dhalimu. Nimeuhubiri mara nyingi, na siku zote nilijiona upande wa mjane. Siku ile nilijikuta ndani ya mfano, nimekaa kwenye kiti cha mwamuzi.

Baadaye nilijua kwamba alikuwa anakwenda kule kila siku na sahani ya chakula. Fedha aliyoombwa ilikuwa sawasawa na ile niliyotoa mimi. Kwangu ilikuwa deni la mwezi mmoja. Kwake ilikuwa mtaji wake wote wa ndagala, na huo mtaji ndio ulikuwa chakula cha watoto wengine wanne.

Jumatatu nilikwenda naye, pamoja na wazee wawili wa kanisa na avoka mmoja mwamini. Safari hii hatukuomba upendeleo. Tuliomba jambo moja tu, kwamba faili ya kijana ipelekwe parke kama sheria inavyosema. Ilichukua siku nyingine. Alipotoka, alikuwa amelala pale usiku 16. Na tulipokaa na vijana wote wawili, mtoto wangu akakubali kwamba yeye ndiye aliyepanda juu ya paa usiku ule. Yule mwingine walikutana naye asubuhi barabarani, akakamatwa kwa sababu walikuwa wanatembea pamoja.

Basi mtazame nilichokinunua kwa fedha ile. Mwenye hatia alilala kwenye godoro, asiye na hatia alilala kwenye sakafu. Mithali 17:15 inasema kwamba anayemwachilia mkosaji na anayemtia hatiani mwenye haki, wote wawili ni chukizo mbele za Bwana. Mimi nilifanya yote mawili kwa siku moja, nikiwa na Biblia mkononi.

Mtoto wangu alifyatua matofali miezi mingi, na pamoja na kaka yangu tukamrudishia mwenye paneli mali yake. Nilisimama mbele ya kanisa nikatubu. Yule kijana mwingine akinikuta njiani ananisalimia, lakini kanisani hajarudi. Simlaumu. Namwombea, na ninamngoja.

La tatu: haki inawezekana

Wengine mtasema, "Pasta, haya ni mambo ya dunia hii, hayabadiliki." Nataka niwakumbushe jambo lililotokea hapa hapa kwetu.

Tarehe 1 Januari 2011, siku ya Mwaka Mpya, askari waliingia nyumba za watu Fizi Centre. Walipora, walipiga, na walibaka wanawake wengi. Mnajua hayo kuliko mimi. Na sote tulidhani yataishia kama mengine yalivyoishia, kwa kilio na kunyamaza. Lakini Februari ile ile mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka. Wanawake 49 walitoa ushahidi wao. Tarehe 21 Februari 2011, hata miezi miwili haijatimia, hukumu ilisomwa. Mkubwa wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa amekana mashitaka, alipewa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Maafisa watatu waliokuwa chini yake walipata miaka 20 pia.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, mwenye cheo alikaa mahali pa mshitakiwa, na mama mkulima akasimama mahali pa shahidi. Wengi hawakuwahi kuona hivyo. Pili, kati ya askari 11 waliofikishwa pale, hawakupewa wote adhabu moja. Watano walipata kati ya miaka 10 na 15. Mmoja alikuwa na umri wa mtoto, akapelekwa kwenye mahakama ya watoto. Mmoja akaachiliwa, kwa sababu hakuonekana na hatia. Je, mmewahi kuona umati wenye mawe ukimwachilia mtu baada ya kumsikiliza?

Sisemi kwamba jeraha limepona. Sisemi kwamba kila mtu amepata haki yake. Watu wa Makobola na vijiji vya jirani waliuawa kwa mamia mwishoni mwa 1998 hadi mwanzo wa 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja zaidi ya watu 800. Jamaa zao bado wanangoja hukumu hadi leo. Haki yetu ni kama mvua inayonyesha shamba moja na kuruka lingine. Lakini wale mama wa Fizi wametufundisha kwamba mjane wa Luka 18 hakuwa mjinga. Alirudi, akarudi tena. Hakuchoma nyumba ya mwamuzi, hakumpa kitu chini ya meza, na hakunyamaza.

Tufanye nini?

Imani bila matendo imekufa. Nawapa mambo machache ya kushika.

Kwanza, mjue sheria ya nchi yenu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa kizuizini na polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikipita, aachiliwe au akabidhiwe kwa wenye mamlaka ya sheria. Hesabuni saa. Mkimwona mtu amepitisha muda huo, wazee wa kanisa na shefu wa kartie waende kuuliza kwa heshima, bila kelele.

Pili, kifungu cha 17 kinasema kosa ni la aliyelitenda, na hakuna anayekamatwa badala ya mwingine. Kijana akikimbia, mama yake asikamatwe mahali pake. Na sisi majirani tusiwe wa kwanza kuonyesha nyumba ya huyo mama.

Tatu, ukiambiwa ulipe, omba karatasi ya malipo. Malipo ya halali hayaogopi karatasi.

Nne, ukienda kumwona mtoto wako kasho, uliza ni nani mwingine aliye ndani. Beba sahani mbili. Uliza jina la mama yake. Neno ulilokwenda kumsemea mtoto wako, umsemee na huyo pia. Kama ni neno ambalo huwezi kumsemea mtoto wa mama mwingine, basi ujue siyo haki unayoomba, ni upendeleo.

Na ninyi waamini mnaofanya kazi ya polisi, ya parke na ya mahakama, siwatupii mawe. Najua mishahara inachelewa, na watoto wenu nao wanakula kila siku. Lakini askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu wala kumshitaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Luka 3:14. Nasi kanisa tusiwajaribu. Anayepeleka bahasha ana zambi sawa na anayeipokea.

Vijana, nanyi nawasihi. Ninajua mmeona haki ikiuzwa. Ninajua wengine wenu mnasema heri kwenda porini kushika bunduki, kwa sababu mwenye bunduki husikilizwa. Bunduki haitaleta haki. Itabadilisha tu mtu anayeonewa.

Kama leo Roho Mtakatifu amekukumbusha jina la mtu, mtu uliyempitia ukasema "Mungu atatenda", usingoje Jumapili. Nenda kesho asubuhi. Kama ulichukua, rudisha, kama Zakayo. Kama ulitupa jiwe, tubu.

Tuombe. Ee Baba, wewe huangalii uso wa mtu wala hupokei rushwa. Utusamehe kwa kuwa tulipenda watoto wetu tukawasahau watoto wako. Uwakumbuke walio kasho usiku huu, wenye hatia na wasio na hatia. Uwatie nguvu mama wanaobeba sahani. Uwape waamuzi wetu moyo wa kukuogopa, na mji wa Baraka na Fizi yote uipe haki na amani. Ni katika jina la Yesu Kristo. Amina.