Toleo Lipi la Lugha ya Kompyuta Lisomwe Kwanza?



Watu wa pwani hii ya Tanganyika si wageni wa kuchagua lugha. Nyumbani husemwa Kirundi. Sokoni na mialoni husemwa Kiswahili, kilichovuka ziwa pamoja na biashara ya Ujiji katika karne ya 19. Shuleni hutakiwa Kifaransa. Na chuoni mtoto husomeshwa herufi za Kiarabu. Hata Kiswahili chenyewe kilipata kuulizwa swali. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, ilikatwa shauri kwamba vitabu vya shule vifuate Kiunguja wala si Kimvita. Kimvita hakikufa, walakini mwanafunzi wa bara alijua aanzie wapi.

Leo swali hilo limerudi kwa sura nyingine, mbele ya kijana atakaye kujifunza kuiamrisha kompyuta. Lugha ipendwayo sana na wanaoanza ni Python. Aliyeibuni ni Mholanzi, Guido van Rossum, aliyeianza mwishoni mwa mwaka 1989 mjini Amsterdam, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2000, na la tatu tarehe 3 Desemba 2008.

Toleo la tatu halikuwa nyongeza tu juu ya la pili. Wenye lugha walikusudia kuondoa kasoro za msingi, hali wakijua kwamba programu nyingi za zamani hazitakwenda tena bila kusahihishwa. Ndipo wanafunzi walipogawanyika kwa miaka mingi. Waliosema “anza na la pili” hawakuwa wajinga, kwa maana wakati ule vifaa vingi vya kazi vilikuwa havijahamishiwa katika la tatu. Utunzaji wa la pili ulipangwa kukoma mwaka 2015, ukaongezwa muda hadi 2020. Tarehe 1 Januari 2020 ukafika mwisho, na nakala ya mwisho kabisa, 2.7.18, ikatolewa Aprili mwaka huohuo. Tangu hapo wenye lugha hawalirekebishi tena, hata likionekana tundu la kupitia wezi.

Tofauti za matoleo hayo si za urembo. Chukua ndoo 7 za ndagala, zigawanywe kwa wavuvi wawili. Toleo la pili, likiandikiwa 7 kugawanya kwa 2, hujibu 3. Ndoo moja imepotea, wala mashine haikusema neno. Toleo la tatu hujibu 3.5. Kosa lipigalo kelele husahihishwa. Kosa linyamazalo huingia katika daftari la ushirika, likaleta ugomvi kati ya ndugu.

Chukua tena neno salaam kwa herufi za Kiarabu: sini, lamu, alifu, mimu. Ni herufi 4. Toleo la pili, neno likihifadhiwa kwa mtindo uliozoeleka siku hizi, huhesabu 8, kwa sababu huhesabu baiti za kuhifadhia wala si herufi, isipokuwa mwandishi ameliagiza vingine. La tatu huhesabu 4. Kwa jamaa ambao wazee wao waliandika barua na hesabu kwa herufi hizo, jambo hili si dogo: kijana atakayetaka kuyaingiza maandishi hayo katika kompyuta atapata lugha inayoyajua.

Hatari iliyopo ni hii. Vitabu vya kale havikuondoka duniani. Hunakiliwa bure, hupita mkono kwa mkono, na mwenye fedha kidogo ndiye anayevipokea kwanza. Kijana aweza kumaliza miezi akisoma kwa bidii lugha iliyoachwa. Alama ya kukitambua kitabu cha namna hiyo ni nyepesi. Tazama neno print, liagizalo mashine kuonyesha jibu. Likifuatwa na mabano, yaelekea ni toleo la tatu. Likikaa bila mabano, ni la pili, na kitabu hicho kisiwe cha kuanzia.

Yupo atakayesema kwamba kompyuta yake ni kuukuu. Hilo halimrudishi katika toleo la pili. Ndani ya toleo la tatu mna madaraja. Tangu 2019 daraja jipya hutoka kila mwaka mwezi wa Oktoba. Mashine yenye Windows 7 haipokei daraja la 3.9 na yanayofuata, ila hupokea 3.8. Daraja hilo nalo limekwisha kutunzwa tangu 2024, basi lisitumike kwa kazi ya kulinda fedha au siri za watu. Lakini kwa kujifunza linatosha, kwa kuwa misingi ni ileile, na siku kijana atakapopata mashine bora hatalazimika kuanza upya.

Basi wazazi na walimu, kabla ya kumsifu mtoto kwa bidii yake, waulize anasoma toleo lipi. Aanze na la tatu. Akiisha kulimudu, na akipewa kazi ya kutengeneza programu ya kale, atajifunza la pili kwa siku chache, kama msemaji wa Kiswahili cha Rumonge anavyosoma barua ya Kimvita: atakwama kidogo, kisha ataelewa. Miezi ya ujana ni mtaji. Haifai kuwekwa katika duka lililokwisha fungwa.