Mpiga Nyundo Asisemeshwe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo twataka kusema habari za kazi ya nyundo.

Mtazameni mhunzi na wapigaji wake wawili. Mhunzi kwa nyundo ndogo huonyesha mahali pa kupiga, na wapigaji kwa nyundo kubwa hupokezana. Mpigaji hangoji kuona nyundo ya mwenzake imeondoka ndipo aanze. Akingoja amechelewa. Hata mtu aliyeambiwa abonyeze kitufe taa ikiwaka, hupita karibu sehemu ya tano ya sekunde kabla ya kubonyeza, na kitufe si kizito. Kwa hiyo mpigaji huanza mapema kwa kukisia, akiongozwa na mlio unaokwenda sawasawa. Wataalamu wamewapima watu wanaogonga kidole kufuata mlio wa namna hiyo, wakaona wengi hugonga kabla ya mlio kidogo, nao wenyewe hawajui.

Lakini akili ina mlango mwembamba. Mwaka 1931 Telford wa Marekani alionyesha ya kuwa ishara mbili zikifuatana upesi sana, jibu la ile ya pili huchelewa. Mwaka 1952 Welford wa Uingereza akaeleza kwamba ya pili hungoja mpaka akili imalize shauri la kwanza.

Basi mnyapara akiita jina la mpigaji nyundo ikiwa juu, jina lile limeingia mlangoni kwanza. Mhunzi akisogeza chuma wakati huo huo, mpigaji ataona, lakini mkono utachelewa kugeuka. Mtu aweza kupondwa vidole. Halafu kitabuni huandikwa neno moja: uzembe. Sisi twakataa neno hilo, maana mpigaji alikuwa akifanya kazi yake, na aliyeita jina hakuandikwa.

Kwa hiyo twataka mambo 3. Kwanza, nyundo zikienda, amri itoke kwa mhunzi peke yake. Pili, mwenye neno, hata akiwa mkubwa, angoje chuma kirudi motoni. Tatu, mtu akiumia, iandikwe pia ni nani aliyekuwa akisema wakati ule.

Na sisi wenyewe tuache mizaha karibu na fuawe. Neno likingoja kidogo haliharibiki, lakini kidole kikipondwa hakina dukani.