Mzazi, Barua ya Mkutano Iko Wapi?

[Muziki unashuka.]

Jambo mama, jambo baba, popote ulipo: Kiziba, Kigeme, Nyabiheke, Mugombwa, Mahama, na ninyi majirani zetu wa Nkamira. Ninazungumza nanyi kutoka hapa Gisenyi. Leo ninaongea na mzazi aliyeletewa barua ya mkutano wa shule, akaikunja na kuiweka chini ya sufuria.

Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Tulivuka mpaka mwaka 2012. Kule Rutshuru nilikuwa darasa la tano, nikisoma Kifaransa. Hapa nilirudishwa darasa la tatu, kati ya watoto walionifikia kifuani. Mama hakusema neno. "Nani atanisikiliza, mwanangu? Sisi ni wageni," aliniambia.

Miaka miwili baadaye, baba mmoja wa mtaa wetu alisimama mkutanoni. Kwa Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiswahili, akauliza: mtoto asiyejua Kiingereza, hata hesabu hajui? Wapimeni hesabu kwa lugha wanayoielewa. Watu walicheka. Lakini mkuu wa shule aliandika. Wiki iliyofuata watoto walipimwa, na baadhi wakapandishwa. Kwangu muda ulikuwa umepita. Nilimaliza sekondari nikiwa na ndevu.

Ninajua kwa nini wengi wetu tunaukwepa mkutano. Kongo, kabla ya masomo ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2019, wazazi ndio walilipa prime ya mwalimu. Ukiitwa shuleni, ulishika mfuko kwanza.

Hapa Rwanda, wazazi wote wa shule ni wajumbe wa mkutano mkuu, ule unaoitwa inteko rusange y'ishuri. Mkutano huo huchagua kamati, na wazazi wamo ndani yake. Tangu Septemba 2022, Wizara ya Elimu iliweka mchango wa mzazi kwa chakula cha shule, chekechea na msingi za serikali, kuwa faranga 975 kwa muhula. Mchango mwingine unapaswa kukubaliwa na mkutano mkuu. Kwa hiyo ukiambiwa ulete elfu mbili za mlinzi, uliza: ni mkutano gani uliokubali, na lini? Uliza kwa heshima, lakini uliza. Usipokwenda, watakaokwenda watakukubalia wao.

Kama Kinyarwanda hukijui vizuri, nenda na jirani anayekijua, ukae karibu naye. Jioni ya kuamkia mkutano, kutaneni wazazi wa mtaa mmoja, mchague jambo moja tu. Mkileta mambo kumi, hakuna litakaloandikwa. Yule baba alibeba moja. Mkishasema, ombeni liandikwe kwenye kitabu cha mkutano, ili mkutano ujao mwulize limefikia wapi.

Na jambo hili nimeliona mara nyingi: uchaguzi wa kamati ukifika mwishoni, wazazi wa kambini tunakuwa tumeshaondoka kwenda kuteka maji au kupanga foleni. Mnaweza kugawana. Mmoja ateke maji ya nyumba mbili, mwingine abaki apige kura, au hata agombee. Mama, wewe pia unaweza kugombea.

Sasa inua ile sufuria, usome tarehe.

[Muziki unapanda.]