Lango la shule linafungukia wapi?

Habari za ajali barabarani huishia kwa dereva: mwendo kasi, uzembe, breki mbovu. Aliyechora barabara hatajwi. Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend lilizunguka shule za msingi likiuliza mambo madogo: watoto wanavukia wapi, lango linafungukia wapi? Kuna shule lango lilihamishwa kutoka barabara kuu hadi mtaa wa pembeni. Kwingine yakawekwa matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande kwenye njia hizo. Mpango huo, SARSAI, ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019.

Kinachonikera ni bei. Tuta ni lami kidogo na rangi, basi. Mtoto akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 30 kwa saa, uwezekano wa kupona ni mkubwa. Kwenye 60, hupungua mno. Lakini tuta letu, mara nyingi, hujengwa baada ya msiba, wananchi wakishafunga barabara kwa mawe na magogo. Waheshimiwa madiwani, kwenye makabrasha ya zabuni ya barabara ijayo, kivuko cha shule kiko ukurasa wa ngapi?