Mwiba Usiofichwa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, London)

 

Awali ya yote natoa shukrani zangu za dhati kwa Kamati ya Maandalizi, na kwenu nyote mliosafiri kutoka Leicester, Toronto, Muscat na kwetu Dodoma. Kamati imeniagiza niseme juu ya nguvu ipatikanayo katika udhaifu. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu katika ukoo huu mimi sasa ndiye mtaalamu wa udhaifu.

Wengi wenu mwaijua hali yangu. Nilikuwa mtumishi wa serikali, kwanza Dodoma, kisha hapa London baada ya kuhamia nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu figo zilishindwa kazi. Tangu hapo, mara tatu kwa juma, hulala kando ya mashine kwa muda wa saa nne hivi ili damu yangu isafishwe. Nilizoea kusaini mafaili ya watu. Leo mimi ndiye faili. Nimeomba uponyaji, nanyi mmeniombea, na mashine bado ninayo. Sisemi haya ili kumtamani mtu figo yake. Msikimbie kabla ya chakula.

Mtume Paulo naye aliomba. Aliwaeleza Wakristo wa Korintho kwamba alikuwa na mwiba mwilini, na kwamba alimsihi Bwana mara tatu umwondokee. Mwiba haukuondolewa. Alijibiwa kwamba neema itamtosha, na kwamba uwezo wa Mungu huonekana kamili mahali mwanadamu anapopungukiwa. Jibu hilo twalijua tangu Shule ya Jumapili. Lakini tuangalie jambo moja tunalolipita upesi: Paulo aliyaandika hayo katika barua kwa kanisa zima, wakati wapo waliomdharau kwa unyonge wa mwili wake. Angeweza kuficha. Aliuweka mwiba wake mezani.

Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tuliotawanyika ni hodari wa kuficha. Katika ukoo kama wetu hakosekani aliyepoteza kazi na bado hutuma fedha za kukopa ili nyumbani wasijue. Hakosekani ambaye hati zake za ukaazi hazijakamilika, naye hulala akisikiliza vishindo vya ngazini. Na nyumbani hufichwa ugonjwa wa mama mpaka siku ya simu ya msiba. Kila mmoja amebeba peke yake mzigo ambao ndugu kumi wangeubeba.

Nataka niwakumbushe mtu ambaye si mgeni kwetu, kwa kuwa alipata kufundisha shule Dodoma kabla ya uhuru: Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Alilelewa kiroho katika Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, yaani kuyataja mbele ya wenzao yaliyowalemea moyoni.

Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Hawakuwa na askari wala bunduki; walikuwa na kalamu. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba udhaifu wa Kikristo ni kunyamazia uovu. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe, Mera, walikimbia wakivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa hapa London, akiabudu katika Kanisa la All Souls, karibu na Oxford Circus. Ukimbizi wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini pale kanisani, akitafakari jinsi Kristo alivyowaombea waliomsulubisha, aliuona mwiba mwingine: moyo wake ulikuwa umegeuka mgumu kwa chuki juu ya Amin. Aliomba neema ya kusamehe. Kisha, kama ilivyo desturi ya Uamsho, hakulifanya siri. Alilisimulia, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake, I Love Idi Amin. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, alirudi Uganda kuhubiri upatanisho. Hakuiita damu ya rafiki yake ajali. Alikataa tu kuongozwa na chuki.

Ndugu zangu, mateso kwa yenyewe si mema. Mauaji ni dhambi, na ugonjwa una dawa zake, tuzinywe. Lakini nimeona kwamba udhaifu ukitajwa, hufungua mlango wa kupitia neema, na mara nyingi neema hiyo huja na mikono ya watu. Siku za mashine, jioni sina nguvu ya kufungua hata kopo. Mke wangu hulifungua. Zamani sala zangu zilikuwa ndefu kama ripoti ya mwaka. Sasa husema maneno matatu: Bwana, nishike mkono. Nami hushikwa.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. Kwanza, kabla hatujaagana leo, kila nyumba ikae na nyumba nyingine, na kila mtu mzima ataje mwiba wake mmoja. Atakayeusikia asiutangaze bila ruhusa. Pili, wapelekeni watoto Westminster Abbey. Juu ya mlango wa magharibi, tangu mwaka 1998, imesimama sanamu ya Janani Luwum pamoja na za mashahidi wengine tisa wa karne ya ishirini. Waambieni kwamba huyu ni jirani yetu wa Afrika Mashariki, na kwamba aliyetaka kumfuta hakuweza.

Mungu aubariki ukoo wetu, walio hapa na walio mbali, wazima na wagonjwa.