Nyumba Iliyofagiwa Isiachwe Tupu

Sisi ni mume na mke. Kwetu ni Nyamira, katika vilima vya majani chai, na jamaa zetu wengi wako upande wa Kisii. Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo halisemwi sana kanisani, nalo ni uzito wa mwili. Hatutasema sana juu ya kuupunguza. Tutasema juu ya kuuzuia usirudi.

Fungueni pamoja nasi Luka mlango wa 11, mstari wa 24 hadi 26. Hapo Bwana Yesu anasimulia habari za pepo aliyetoka kwa mtu, akatangatanga, kisha akarudi na kuikuta nyumba imefagiwa na kupangwa vizuri. Akaenda kuwachukua wengine saba, wakaingia, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko mwanzo. Tulilisoma neno hili miaka mingi bila kudhani kwamba litatugusa mezani petu. Hatusemi kwamba unene ni pepo, la hasha. Lakini tumejifunza kwamba kufagia ni kazi moja, na kukaa ndani ya nyumba ni kazi nyingine.

Miaka michache iliyopita mmoja wetu alipatikana na kisukari. Mizani ilisema kilo 98. Daktari alitueleza juu ya chakula kidogo sana, kama kalori 800 tu kwa siku, ambapo mwanamume mzima huhitaji kama 2,500. Akatuonya kwamba jambo hili halifanywi kwa kujiamulia. Mwenye kutumia dawa za kisukari au za presha ni lazima dawa zake zipangwe upya na daktari, asije akaanguka. Mama mjamzito au anayenyonyesha asijaribu, wala mtoto. Hata mwenye afya aweza kupata mawe ya nyongo akipungua upesi mno. Basi tulifuata maagizo kwa majuma 12, tukipimwa mara kwa mara. Mizani ikashuka hadi kilo 83, na sukari katika damu ikatulia. Tulisimama kanisani tukatoa ushuhuda, na watu wakashangilia.

Kisha ikaja Desemba. Mnajua Desemba ya Kisii na Nyamira ilivyo. Watoto wa ndugu wanakuja kutoka Nairobi, kuna arusi, kuna mahari, na misiba nayo haikosi. Kila nyumba kuna matoke, ugali, nyama, chapati na soda. Tulipofika Pasaka, kilo 8 zilikuwa zimerudi. Tuliona haya. Mizani tuliificha chini ya kitanda, na siku ya kupimwa tukajifanya tumesahau. Mwenye kuugua alidhani Mungu amemwacha. Mwenzake, aliyepika chakula, alidhani kosa ni lake. Tulikuwa tumeshuhudia mbele ya watu wote. Sasa tungesema nini?

Ndugu msikilizaji, ikiwa wewe nawe umo katika aibu hiyo, sikia jambo lililotusaidia. Mwaka 2011 madaktari wa Melbourne, Australia, walitoa habari za watu 50 walioanza chakula kidogo sana kwa majuma 10. Waliomaliza walipungua kwa wastani kama kilo 13 na nusu. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama kilo 5 na nusu. Walipopimwa damu, ilionekana kwamba homoni za njaa zilikuwa bado juu, na zile za kushiba zilikuwa bado chini. Mwili ulikuwa bado unalilia kilo zake! Tena mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ulipokuwa mzito, hata ukitembea njia ile ile. Kwa hiyo sahani iliyokutosha zamani bila kukunenepesha, sasa itakunenepesha.

Tulipoelewa hayo, tuliacha kulaumiana. Njaa ile haikuwa ishara kwamba Mungu ametuacha, wala kwamba sisi ni wavivu kuliko wengine. Lakini pia haikuwa ruhusa ya kulegea. Ukijua mwizi ataurudia mlango ule ule, utautia komeo.

Huko Uingereza palifanywa jaribio kubwa kwa watu wenye kisukari, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Walipewa supu na vinywaji vilivyopimwa kwa miezi 3 hadi 5. Kisha chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua, kwa majuma 2 hadi 8. Baada ya hapo waliendelea kuonana na muuguzi au mtaalamu wa chakula kila mwezi. Baada ya mwaka, watu 46 katika kila 100 walikuwa hawana tena kisukari wala dawa zake. Baada ya miaka miwili walikuwa 36. Mnaona? Hata wale waliosaidiwa vema, wengine waliteleza. Lakini palikuwa na mpango: mtu akirudisha zaidi ya kilo 2, hasubiri, anasaidiwa mara moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulingoja mpaka kilo 8, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu.

Basi tulifanya nini? Kwanza tuliitoa mizani chini ya kitanda. Tunajipima kila Jumatatu asubuhi, na tunaandika katika daftari. Kilo 2 zikiongezeka, tunazungumza siku hiyo hiyo, bila hasira.

Pili, tuliitazama chai yetu. Sisi watu wa majani chai hunywa vikombe vingi. Vikombe 5 vyenye vijiko 3 vya sukari kila kimoja ni vijiko 15, yaani kama kalori 240 kila siku, na tumbo halijashiba bado. Tulipunguza kijiko kimoja kimoja, na leo tunakunywa bila sukari.

Tatu, tulirudia mboga za mama zetu: chinsaga, managu, na maharagwe. Hizo ndizo zinazojaza sahani kwanza, kisha ugali mdogo hufuata. Ugali wa wimbi twaupenda, lakini nao tunaupima, maana ni chakula kizito.

Nne, tunatembea. Vilima vyetu Mungu ametupa bure. Kule Marekani, tangu mwaka 1994, wataalamu wameandika habari za watu waliopunguza uzito wasiurudishe. Wengi wao hutembea au kufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, na hujipima mara kwa mara. Sisi tuliacha kupanda pikipiki kwenda sokoni, ila tukiwa na mzigo.

Lakini jambo la tano lilikuwa gumu kuliko yote, nalo linawahusu ninyi, wapendwa. Katika arusi moja shangazi yetu alisema mbele ya watu, "Mwalimu, mbona umekonda hivi? Mke wako amekunyima chakula?" Wengine walinong'ona kwamba huo ni ugonjwa mbaya. Kwetu mtu mnene husifiwa kwamba amenawiri, na mgeni akiacha chakula, mwenye nyumba huhuzunika. Tulikula siku ile ili tusimwaibishe shangazi, na kesho yake tulikula tena kwa sababu ya mwingine.

Mwishowe tulikwenda kwake, tukaketi naye jikoni, tukamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mbona hamkuniambia? Mimi nilidhani mnakidharau chakula changu." Tangu siku hiyo, tukifika kwake, hutupikia chinsaga na kututilia chai isiyo na sukari. Tena huwakemea wanaotulazimisha!

Makanisa yetu yanajua kumwombea mgonjwa. Je, yanajua kumwandalia meza isiyomrudisha ugonjwani? Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika nchi yetu watu wazima kama 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Hao ni akina mama wa kwaya zetu, ni wazee wetu, ni sisi. Katika mkutano ujao, wekeni maji kando ya soda. Mtu akisema, "Imetosha," mwaminini. Na aliyetoa ushuhuda kisha akateleza, msimcheke. Mwulizeni mtamsaidiaje Jumatatu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho. Hekalu halifagiwi siku moja ya sikukuu kisha likafungwa. Hufagiwa kila siku, na ndani yake taa huwaka. Sisi leo tuko kilo 86. Si 83, wala si 98. Kila Jumatatu tunaanza tena, na hatuoni haya kuwaambia.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uliyetupa njaa na chakula, utufundishe kiasi. Mwinue aliyeanguka, mfariji anayeona haya, na ufanye meza zetu ziwe meza za upendo. Kwa jina la Yesu. Amina.

Bwana awabariki. Kwaherini mpaka mazungumzo yajayo.